Namna ya Kuandaa Soko la Zama za Kati Katika Mji wa Pwani ya Waswahili

Miji kadhaa ya bandari barani Ulaya ina siku zake za mwaka ambapo mitaa ya zamani hufungwa kwa magari, wachuuzi huvaa mavazi ya mababu, na watu hununua mikate, vyungu na vitu vya ngozi kana kwamba karne sita hazijapita. Mmoja unaojulikana sana ni Visby, katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, ambao tangu mwaka 1984 hufanya juma zima la namna hiyo kila mwezi wa Agosti, na kiini chake ni mwaka mmoja tu, yaani 1361, Mfalme Valdemar wa Denmark alipouteka mji huo. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana haja ya kuazima farasi na deraya ili wafanye jambo linalofanana na hilo. Katika karne hiyo hiyo Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba, Mogadishu ilikuwa ikifuma nguo zilizouzwa hadi Misri, na dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilikuwa ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiswahili kabla haijavuka bahari. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati ya mtaa, chama cha akina mama au kikundi cha vijana, kuanzia Lamu hadi Kilwa Kivinje, wanaotaka kuukusanya mji wao kwa siku moja au mbili kuzunguka soko la aina hiyo.

Chagueni mwaka, kisha mshike

Kosa linaloua masoko ya namna hii ni kusema tu kwamba mada ni "zamani". Zamani haina mwisho: ndani yake ataingia mwenye gramafoni, mwenye picha za Sultan Barghash, na mwenye kofia ya mkoloni, na kufikia alasiri hakuna mgeni atakayejua yuko karne gani. Kwa hiyo kamati ikubaliane juu ya mwaka mmoja. Ninaoupendekeza ni 1331, ambao ndio kwa kawaida hutajwa kuwa mwaka wa safari ya Ibn Battuta, msafiri wa Tangier nchini Morocco, aliyepita Mogadishu na Mombasa hadi kufika Kilwa. Maelezo yake ni mafupi, lakini yana mambo ambayo mwandalizi wa soko anayahitaji kuliko majina ya wafalme: watu walikula nini, walijifunga nini kiunoni, waliingiaje msikitini, na mgeni alipokewa vipi.

Mwaka ukishachaguliwa, kanuni ni moja: kitu ambacho hakikuwapo pwani mwaka ule hakikai mezani. Kanuni hii huonekana kali siku ya kwanza ya kikao, lakini ndiyo inayolitofautisha soko lenu na maonyesho ya kawaida ya biashara, ambayo kila mji tayari unayo. Pia huwapunguzia viongozi lawama, kwa sababu mchuuzi aliyekataliwa hakukataliwa na mwenyekiti, amekataliwa na mwaka 1331.

Wakati na mahali

Biashara ya zama zile ilifuata pepo. Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi viliteremka na kaskazi na kurudi na kusi, na mji ulikuwa na pilika nyingi katika miezi ambayo wageni walikuwa wakisubiri upepo ugeuke. Januari na Februari ni miezi inayofaa kwa mada na kwa hali ya hewa pia, kwa kuwa masika hayajaanza na bahari huwa shwari zaidi. Angalieni kwanza kalenda ya Kiislamu ili soko lisiangukie ndani ya Ramadhani au kugongana na Maulidi, kisha mwangalie mwezi. Usiku wa mbalamwezi unawasaidia kufunga soko bila taa za umeme, ila mkumbuke kwamba mwezi mpevu huja na bamvua, na mtaa wa pwani ulio chini unaweza kufikiwa na maji. Mzee yeyote wa baharini atawaambia saa ya maji kujaa siku hiyo, na aulizwe kabla ya mabango kuandikwa.

Kuhusu mahali, wengi watataka kufanyia soko ndani ya magofu, na jibu liwe hapana. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na Gede mwaka 2024, na kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hazikujengwa zihimili kamba za mahema, misumari, moshi wa majiko na watoto wanaopanda juu. Nchini Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na nchini Kenya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, zinayalinda maeneo hayo. Wapelekeni watu magofuni asubuhi wakiwa na mwongozaji, kisha soko lifanyike mtaani, mahali ambapo watu wanaishi.

Mtaa mzuri ni ule mwembamba wenye baraza za nyumba pande zote mbili, kwa kuwa baraza tayari ni meza na kiti. Piteni nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, hata kama serikali ya mtaa imekwisha kukubali, na mwenye nyumba apewe nafasi ya kwanza ya kuuza mbele ya mlango wake kabla ya mchuuzi wa kutoka mtaa mwingine. Nimeona shughuli nzuri zikivurugika kwa sababu bibi mmoja aliamka akakuta vyungu vya watu kwenye baraza lake bila kuambiwa, na alikuwa na haki. Katikati ya mtaa iachwe njia wazi ya angalau mita tatu, ya kupitisha mkokoteni, punda, machela ya mgonjwa na watu wa zimamoto. Vibanda vya makuti hupendeza na vinaendana na mada, lakini makuti makavu hushika moto haraka sana, kwa hiyo jiko lolote likae nje ya kibanda, upande ambao upepo unatoka sokoni kwenda nje, na ndoo za mchanga ziwe karibu.

Vibali havina siri. Tanzania mtaanza kwa mtendaji wa mtaa na kuishia halmashauri, Kenya kwa chifu na ofisi ya kaunti, na kote polisi na afisa afya wataarifiwe kwa barua. Anzeni miezi mitatu kabla.

Chakula ndicho kitakachowapa kazi

Hapa ndipo mwaka 1331 unapouma, na hapa ndipo pana utamu wa jambo lenyewe. Mazao mengi tunayoyaona kuwa ya kwetu tangu milele yalitoka bara la Amerika, na hayakuweza kuvuka kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo mahindi hayaingii sokoni, yawe ya kuchoma au ya ugali. Muhogo hauingii, wala wa nazi wala wa kukaanga. Nyanya hakuna, na kwa hiyo kachumbari hakuna. Viazi mviringo, viazi vitamu, maharage, karanga, korosho, mapapai, mananasi na mapera, vyote vinabaki nyumbani. Pilipili kali nazo pia zimetoka huko, na mpishi wa mishikaki atakapoambiwa hivyo atawatazama kama mliorukwa na akili. Mpeni pilipili manga na tangawizi, mwacheni ajaribu siku chache kabla, na msimfundishe zaidi ya hapo, kwa sababu mkono wake unajua kuliko kamati.

Kinachobaki ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna mchele, mtama, uwele, wimbi, kunde, choroko, mbaazi na njugu mawe. Kuna ndizi, nazi, ukwaju, ufuta, tende na asali. Kuna samaki wa kila aina, kuku, mbuzi na ng'ombe, maziwa ya mgando na samli. Ibn Battuta anaeleza karamu aliyoandaliwa Mogadishu, na maelezo yake yanatosha kuwa orodha ya vyakula ya kibanda kizima: wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa kwenye sinia kubwa la mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, bakuli la maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili manga zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Mtu anatwaa tonge la wali, anafuatisha kidogo cha achari. Mama wa Lamu au wa Mombasa hatahitaji kuelezwa mlo huo unavyoliwa. Kuhusu Mombasa yenyewe, msafiri huyo anasema kwamba chakula kikuu cha watu kilikuwa ndizi na samaki, basi kibanda cha samaki wa kuchoma na ndizi za nazi kina ushahidi wake mkononi.

Kwa vitafunio, vitumbua na mkate wa kumimina vinafaa, kwani ni unga wa mchele na tui. Utamu utoke kwenye asali au sukari guru. Vinywaji viwe madafu, maji ya ukwaju na tangawizi. Chai haikuwapo pwani, na unywaji wa kahawa ulianza kuenea kutoka Yemen katika karne ya 15, yaani umechelewa kidogo kuliko mwaka wetu. Hata hivyo mimi si mkatili: muuza kahawa mwenye dele na vikombe vyake awekwe nje ya lango la soko, ambako wazee watamfuata bila kualikwa, na mji usipate sababu ya kugoma.

Sahani ziwe majani ya mgomba, vifuu au vyungu vidogo vya udongo. Mifuko ya plastiki isingeruhusiwa hata bila mada hii, kwa kuwa Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, basi mnunuzi abebe kikapu cha ukili au apewe pakacha lililosukwa palepale. Msukaji mmoja wa pakacha akikaa mlangoni na rundo la makuti mabichi, anagawanya kuti katikati ya uti wake, anazipishanisha chane mkono juu ya mkono, na kabla mteja hajamaliza kuuliza bei chombo kimeshapata umbo. Huyo peke yake atavuta watu kuliko bango.

Bidhaa na mafundi

Soko la namna hii linahitaji mafundi wanaofanya kazi mbele za watu, si meza za vitu vilivyokwisha tengenezwa. Tafuteni mfinyanzi, msuka mikeka, mhunzi na mtunga shanga. Mhunzi ana haki maalumu ya kuwapo, kwa sababu al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kuhusu chuma cha pwani hii na biashara yake. Mwekeni mwisho wa mtaa, mahali penye nafasi, kwa ajili ya cheche na kelele. Wasokotaji wa pamba nao watafutwe hata kama ni wazee wawili tu waliobaki, kwa kuwa katika machimbo ya Kilwa vimepatikana vigurudumu vidogo vya pia za kusokotea uzi, vingine vikiwa vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika.

Kama mji una fundi wa vyombo vya baharini, mpeni nafasi ya kati. Mtepe, chombo cha kale cha Waswahili, haukupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na tanga lake lilikuwa la mkeka. Si lazima ajenge chombo kizima. Mbao mbili zilizotobolewa, kamba, na kijana wa kuvuta upande wa pili zinatosha kuonyesha jinsi mshono unavyokazwa na tundu linavyozibwa, na watoto wapewe zamu ya kuvuta.

Bidhaa za mbali zisisahauliwe: ubani, udi, vitambaa vya pamba, vyombo vya kauri vya kijani vinavyokumbusha vile vya Uchina ambavyo vigae vyake bado vinaokotwa katika magofu. Na hapa pana maonyo mawili. Pembe za ndovu na magamba ya kasa vilikuwa bidhaa kubwa za zama zile, lakini leo haviuzwi kabisa, hata vikiwa vya urithi wa babu. Mti uliochongwa na kupakwa rangi unatosha kuonyesha. La pili ni kwamba atatokea mtu mwenye mfuko wa shanga, vigae na sarafu alizookota ufukweni, akitaka kuziuza. Asifukuzwe kwa matusi, ila aelekezwe kwa mhifadhi wa mambo ya kale, na ni vizuri zaidi mhifadhi huyo awe na meza yake sokoni ili watu waje kumwonyesha walichonacho.

Fedha ya soko

Hakuna jambo linalombadilisha mgeni haraka kama kubadilishiwa fedha mlangoni. Tengenezeni sarafu za soko kwa udongo uliochomwa au vipande vya mti, thamani moja tu, inayolingana na kitu kidogo kabisa kinachouzwa, tuseme kitumbua kimoja. Sarafu za Kilwa zilikuwa na maandishi pande zote mbili, upande mmoja kumtukuza Mungu na wa pili kumtaja sultani, na maneno ya pande hizo yalipatana kwa vina. Waachieni wanafunzi wa madrasa na wa shule washindane kutunga mistari miwili yenye vina ya sarafu yenu, kwa Kiswahili, na shairi litakaloshinda lichongwe kwenye chapa. Sarafu moja ya Kilwa iliwahi kupatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, na kisa hicho kiandikwe juu ya meza ya mvunja fedha ili watu wakisome wakisubiri zamu.

Malipo kwa simu yafanyike kwenye meza hiyo peke yake. Mchuuzi apokee sarafu, na jioni azirudishe kwa mweka hazina apate shilingi zake, pungufu ya ada iliyokubaliwa tangu mwanzo kwa maandishi. Idadi ya sarafu zilizotengenezwa ijulikane na watu wawili na ihesabiwe mbele yao asubuhi na usiku. Mgeni anayetaka kurudisha zilizobaki alipwe bila kuulizwa maswali. Bei isiandikwe, watu wapatane, na wachuuzi waambiwe mapema kwamba kupatana si kumkomoa mgeni.

Mavazi na sauti

Kwa wauzaji wanaume, jambo ni rahisi kuliko wanavyohofu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu alipewa kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni badala ya suruali, vazi la juu la kitani cha Misri, na kilemba. Kikoi kisicho na maandishi, shuka begani na kilemba vinatosha. Wanawake wajifunge vitambaa vya rangi moja au vya mistari, pamoja na shanga. Kanga zilianza karne ya 19 na hazifai nyuma ya meza, lakini mnunuzi aje alivyo, na asiwepo wa kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya kanga au jinzi.

Taarabu nayo ni ya zama za baadaye sana, kwa hiyo jukwaa la vipaza sauti lisiwekwe. Ziwepo ngoma, zumari, kirumbizi, yaani mchezo wa fimbo, kama mji una wachezaji wake, na malenga wa kujibizana papo kwa papo. Matangazo yatolewe kwa mbiu, yaani pembe ya nyati, na mpiga mbiu azunguke mwenyewe. Adhana ikisikika, ngoma zinyamaze na mauzo yasimame. Ratiba ipangwe kwa kufuata sala, si kinyume chake.

Igizo, na habari isiyofichwa

Kisa kimoja cha Kilwa kinafaa kuigizwa mtaani bila jukwaa. Sultani Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, alikuwa akitoka sala ya Ijumaa alipokutana na fakiri wa Yemen, naye fakiri akamwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo na kumpa zile alizovua. Mwana wa sultani akazirudisha nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani alipoona watu wanavyosifu jambo hilo akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kamati nyingi zitataka kuwaondoa watumwa katika kisa hiki na kuweka mbuzi au mikufu. Nashauri wasiondolewe. Utajiri wa miji hii ulikuwa na watu ndani yake kama bidhaa, na Ibn Battuta huyo huyo anataja misafara ya vita ya sultani dhidi ya watu wa bara na mgawo wa ngawira. Jambo hilo lisimuliwe kwa sauti ya msimulizi, kwa adabu, bila kumfunga mtoto kamba wala kuigiza mnada wa watu, maana hilo si mchezo wa sokoni. Bango moja lenye maelezo ya wazi liwekwe mahali ambapo mwalimu anaweza kusimama na wanafunzi wake.

Siku yenyewe

Soko lifunguliwe baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limepungua, na lifungwe takriban saa nne za usiku. Mwanga utoke kwenye vibatari vya mafuta ya nazi au ufuta vilivyowekwa juu ya mawe, mbali na makuti, na taa za umeme za dharura ziwe tayari zimefichwa kwenye pembe za mtaa. Vyoo na maji ya kunawa vioneshwe kwa alama za wazi. Katika jambo hili mada haina nafasi. Bodaboda wapewe kituo chao nje ya mtaa na mmoja wao awe kwenye kamati, kwa sababu wao ndio watakaowaambia wageni soko liko wapi.

Asubuhi inayofuata mtaa ufagiliwe kabla ya watu kufungua milango, nguzo zing'olewe na mashimo yafukiwe. Hesabu zisomwe barazani ndani ya juma moja, mbele ya wenye nyumba wa mtaa ule, na fungu la kwanza la faida litengenezee kitu kinachoonekana hapo hapo: bomba, kisima, au ngazi iliyovunjika. Kikao hicho hicho ndicho kipange tarehe ya mwaka unaofuata, wachuuzi wakiwa bado wanakumbuka ni chakula gani kilikwisha mapema na ni kibanda gani kilikaa juani.